Jina la Mwinyi: Maana, Asili na Watu Wake (Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara)

Maswali haya nimeyasikia kwenye majamvi ya misiba Temeke na Mbagala, kwenye vikao vya harusi, na kwenye foleni za ofisi pale karani anapoinua kichwa na kuuliza, "Mwinyi wa wapi wewe?" Mimi ni Mwinyi kwa upande wa baba. Bibi yangu mzaa mama naye alikuwa binti Mwinyi, wa Mwinyi mwingine kabisa, asiye na damu yoyote na huyu wa kwetu. Nimekua na jambo hilo nyumbani, na ndilo linalonifanya nijibu kwa urefu kila nikiulizwa. Majibu nimeyapanga kwa namba ili jibu moja liweze kukupeleka kwa jingine.

## Mambo ya mwanzo

1. Mwinyi maana yake nini?

Mwinyi ni cheo kilichogeuka kuwa jina. Maana yake ya msingi ni "mwenye": mwenye mji, mwenye ardhi, mwenye watu. Kutoka hapo likapata maana ya mkubwa, bwana, mtu wa kuheshimiwa. Shina lake ni lile la -enye ambalo hatupitishi siku bila kulitamka. Mwenyeji ni mwenye mji. Mwenyekiti ni mwenye kiti. Mwenyezi, tunapomtaja Mungu, ni mwenye enzi. Mwinyi ametoka tumbo hilohilo.

Pwani ya zamani mtu mzima wa heshima hakuitwa jina lake likiwa tupu. Alitangulizwa Mwinyi, kama leo tunavyotanguliza Mzee, Bwana au Shehe. Kwa hiyo "Mwinyi Juma" wa miaka hiyo alikuwa Juma anayeheshimiwa, na jina lake hasa likabaki Juma.

2. Ni neno la Kiarabu?

Hapana, ni la Kibantu. Watu wanadhani la Kiarabu kwa sababu wengi wa wenye jina hili ni Waislamu wa Pwani, na majina yanayoandamana nalo (Ali, Hassan, Juma, Haji) yametoka Uarabuni.

Ndugu zake neno hili wako mbali sana na bahari. Mtawala wa Ufipa aliitwa Mwene. Mtawala wa Kongo, Wareno walipofika huko mwishoni mwa karne ya 15, aliitwa Mwene Kongo, nao wakaandika "Manikongo". Kusini, kwenye nchi ya Zimbabwe na Msumbiji ya leo, alikuwako Mwene Mutapa, wakaandika "Monomotapa". Wote hao ni "mwenye", kila mmoja kwa matamshi ya kwao.

3. Basi ni jina la kabila gani?

Si la kabila moja. Utalikuta kwa Wazaramo, Wandengereko, Wakwere, Wadigo, kwa watu wa Kilwa na Mafia, na kwa wenyeji wa Unguja. Ni jina la Pwani, na Pwani ina makabila mengi. Anayekusikia unaitwa Mwinyi anaweza kubahatisha kwamba wazee wako walikula samaki na nazi. Zaidi ya hapo atakuwa anapiga ramli.

4. Kwa nini wengine huandika Mwenye, Mwenyi, Mwini au Muinyi?

Hapa pana jambo linalofurahisha, niruhusu nikae kidogo.

Nyumbani kwetu kuna daftari la khitma. Lina jalada la kijani lililofubaa, pembe zimeliwa, na ndani yameandikwa majina ya marehemu wa ukoo wanaosomewa, kutoka kulia kwenda kushoto, kwa herufi za Kiarabu. Babu aliandika hivyo kwa sababu ndivyo alivyofundishwa chuoni. Jina la baba yake limeanza kwa mim, wau, ye, nuni, ye. Mpe msomaji wa kwanza, atasoma "Mwinyi". Mpe wa pili, atasoma "Mwini". Wa tatu atakwambia ni "Mwenye". Wote watatu watakuwa wamesoma sawa, kwa sababu hati ya Kiarabu haina herufi ya sauti "ny" na haitenganishi "i" na "e". Aliyejua jina ni yule aliyemjua mtu.

Makarani wa Kijerumani na baadaye wa Kiingereza walipoanza kuandikisha watu kwa herufi za Kirumi, kila mmoja aliandika alivyosikia. Hivyo baba mmoja aliweza kuacha watoto wawili, mmoja Mwinyi na mwingine Mwenyi, bila ugomvi wowote kati yao. Wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19 waliandika "Muinyi" au "Muini". Visiwani Komoro, kwa tahajia ya Kifaransa, ni "Mouigni". Ni neno lilelile limepita kwenye masikio tofauti.

Matamshi: silabi ni mbili, Mwi-nyi, na mkazo uko kwenye ile ya kwanza.

## Historia yake

5. Lilitumikaje mijini kwetu kabla ya ukoloni?

Kabla Sultani Majid wa Zanzibar hajaanza kujenga majumba yake hapa katika miaka ya 1860 na mji kuitwa Dar es Salaam, palikuwa na kijiji cha Mzizima, na kandokando ya bahari miji kama Kunduchi upande wa kaskazini na Mbwamaji upande wa kusini. Miji hiyo ilikuwa na wakubwa wake. Waliitwa majumbe au madiwani, na chini yao palikuwa na ngazi za vyeo: shaha, waziri, amiri, na mwinyi mkuu. Vyeo hivyo havikuokotwa. Mtu alivipata kwa kutoa ada na kulisha watu kwenye karamu, na vilimpa haki ya mahali pa kuketi na fungu lake katika ugawaji.

Kando ya vyeo hivyo rasmi, neno mwinyi lenyewe liliendelea kutumika kama heshima ya kawaida kwa mtu mzima. Kwa sababu hiyo ukisikia katika habari za zamani kwamba fulani aliitwa Mwinyi, huwezi kujua palepale kama alikuwa na cheo au aliheshimiwa tu na majirani.

6. Mwinyi Mkuu wa Unguja alikuwa nani?

Ndiye mtawala wa jadi wa wenyeji wa Unguja. Masultani wa Omani walipohamia Zanzibar hawakumwondoa. Walimwacha atawale watu wake, akusanye kodi, na sehemu ya kodi hiyo iende kwa Sultani. Makao yake ya mwisho yalikuwa Dunga, katikati ya kisiwa, ambako jumba lilijengwa katikati ya karne ya 19. Alikuwa na ngoma na siwa (baragumu) za enzi. Wa mwisho kushika cheo hicho alifariki mwaka 1873, na cheo kikafa naye.

Swali linalofuata huwa ni kama akina Mwinyi wa leo ni uzao wa Dunga. Wapo wanaoamini hivyo kwa familia zao, na wenye silsila, yaani orodha ya nasaba, wanayo. Lakini jina peke yake halithibitishi. Sababu iko kwenye swali la 7.

7. Kama maana yake ni bwana mkubwa, je, wenye jina hili wote wana asili ya utawala?

Hapana, na ningependa hili lisomwe na kila kijana anayejivuna kwa jina.

Mwaka 1857 Waingereza wawili, Burton na Speke, walitoka Zanzibar kwenda kutafuta Ziwa Tanganyika. Katika msafara wao walikuwemo askari wa kukodi walioitwa wana wa Ramji, ambao walikuwa watumwa wa Mhindi mmoja, karani wa forodha Zanzibar. Kiongozi wao alikuwa mtumwa pia. Jina lake? Mwinyi Kidogo. Mtu aliyemilikiwa na mtu mwingine alitembea kutoka Pwani hadi bara akiitwa Mwinyi, na msafara mzima ulimwita hivyo, Burton mwenyewe akaliandika.

Maana yake ni kwamba tayari wakati ule neno lilikuwa limeshuka kutoka barazani kwa wakubwa likawa la watu wote wa Pwani waliokuwa safarini bara. Huko bara mtu wa Pwani alijiita mwungwana, akavaa kanzu, akaitwa Mwinyi. Utumwa ulipopigwa marufuku, Zanzibar mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922, wengi waliokuwa chini walichukua majina ya heshima waliyonyimwa. Walikuwa na haki nayo kuliko yeyote. Babu yako anaweza kuwa alirithi jina kwa mwenye mji, au alilichukua mwenyewe siku alipokuwa huru. Mimi sioni lipi kati ya hayo mawili ni dogo.

8. Kwa nini basi "umwinyi" limekuwa neno baya?

Kwa sababu ya kazi. Mwinyi wa zamani hakushika jembe, alishikiwa. Baada ya uhuru, na hasa nchi ilipokuwa ikihimizwa kwamba kila mtu ale jasho lake, umwinyi ukawekwa fungu moja na ukabaila na unyonyaji. Serikali za machifu zilikwisha kufutwa kisheria Tanganyika bara mwaka 1963. Tangu hapo "kuishi kimwinyi" ni kukaa barazani ukingoja kuletewa chakula, na "acha umwinyi" ndiyo anayoambiwa kijana asiyetaka kuamka.

Sisi wenye jina tumelisikia shuleni, na linauma kidogo ukiwa mtoto. Lakini ni maneno mawili: umwinyi ni tabia, Mwinyi ni baba yako.

## Kutoka cheo hadi jina la mwisho

9. Kwa nini kwangu Mwinyi ni jina la mwisho, kwa jirani ni la kwanza, na kwa mwingine la katikati?

Kwa sababu Pwani hatukuwa na jina la ukoo la kudumu. Tulikuwa na mnyororo: jina lako, la baba, la babu. Kila kizazi kikiongeza pete mbele, pete ya nyuma inadondoka. Kwa mtindo huo Mwinyi huhamahama. Mzee akiitwa Mwinyi, kwake ni la kwanza. Kwa mwanawe ni la pili. Kwa mjukuu ni la tatu. Kwa kitukuu limepotea, isipokuwa mtu aamue kulishika.

Kulishika huko unaweza kukuona kwenye familia ambayo kila Mtanzania anaijua. Rais wa awamu ya pili, aliyezaliwa Kivure, Mkuranga, mwaka 1925 na kufariki tarehe 29 Februari 2024, aliitwa Ali Hassan Mwinyi: Ali, mwana wa Hassan, mwana wa Mwinyi. Huo ni mnyororo kamili wa Kipwani. Mwanawe, Rais wa Zanzibar tangu Novemba 2020, kwa mnyororo uleule angekuwa Hussein Ali Hassan. Tunamjua kama Hussein Ali Mwinyi. Hassan karukwa, Mwinyi kabaki. Hapo ndipo jina la mtu mmoja lilipogeuka kuwa jina la ukoo, na limetokea ndani ya kizazi kimoja mbele ya macho yetu.

Kilichosukuma mabadiliko haya ni shule, ajira na fomu zenye nafasi iliyoandikwa "jina la ukoo". Wenzetu wa Kilimanjaro, akina Mushi, Massawe na Kimaro, walikuwa na majina ya koo tangu zamani na vitabu vya ubatizo vikayashikilia. Sisi tuliiona nafasi ile tupu, tukaweka la babu, na hapo likaganda.

10. Mwinjuma, Mwinyimvua, Mwinyikombo, Mwinyihaji: nayo ni majina yaleyale?

Ndiyo. Ni Mwinyi na jina la mtu, yakatamkwa pamoja hadi yakashikana. Mwinyi Juma akawa Mwinyijuma, halafu ulimi ukaharakisha likawa Mwinjuma. Mwananyamala kuna Barabara ya Mwinjuma, na abiria wanaoshuka hapo kila siku hawana habari kwamba wanataja cheo. Hamis Mwinjuma, ambaye mashabiki wa muziki wanamjua kama MwanaFA na wana Muheza wanamjua kama mbunge wao aliyechaguliwa 2020, analibeba jina hilo likiwa limefupishwa.

Mwinyimvua huwachanganya watu. "Mwenye mvua" ni tafsiri inayovutia, na mtu anaweza kusimulia babu aliyeita mvua. Lakini Mvua ni jina la mtu pia, hupewa aliyezaliwa mvua ikinyesha, na Mwinyi mbele yake ni heshima tu. Kabla ya kushika hadithi ya uganga, uliza kwanza nyumbani kama palikuwa na mzee aitwaye Mvua.

11. Lina uhusiano na Mwa- ya akina Mwakyembe na Mwandosya?

Hapana. Mwa- ya Wanyakyusa huonyesha uzao wa fulani. Mwinyi ni mwenye. Zinafanana kwa herufi mbili za mwanzo, basi.

12. Mwanamke aitwe Mwinyi, au kuna umbo la kike?

Jina la mwisho halibadiliki. Binti wa Mwinyi ni Mwinyi. Katika karatasi za zamani utamkuta kaandikwa "binti Mwinyi", na kaka yake "bin Mwinyi". Heshima ya kike iliyokwenda sambamba na Mwinyi ilikuwa Mwana, na imebaki kwenye majina kama Mwanaisha, Mwanahamisi, Mwanajuma.

Kuhusu ndoa, desturi ya Pwani ni mke kubaki na majina ya babake, na dini haimtaki abadilishe nasaba. Ila katika maisha ya hadharani mke huitwa kwa jina la mume bila nongwa, kama mke wa Rais wa awamu ya pili anavyojulikana kwa Mama Sitti Mwinyi.

13. Kuna majina mengine yaliyotokana na vyeo kama hili?

Tele. Jumbe, Diwani, Shomvi, Akida, Liwali upande wa Pwani. Pazi, ambacho kilikuwa cheo cha wakubwa wa Wazaramo, leo ni jina la watu wa kawaida Kisarawe na Magomeni. Bara kuna Mtemi na Mangi. Rais wa pili wa Zanzibar alibeba mawili kwa pamoja: Aboud Jumbe Mwinyi. Aliondoka madarakani mwaka 1984, akafuatwa na Ali Hassan Mwinyi. Marais wawili mfululizo, Mwinyi na Mwinyi, na minyororo yao ni miwili: mmoja Aboud wa Jumbe, mwingine Ali wa Hassan.

## Linapatikana wapi

14. Tuko wangapi?

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini, kati yao 5,383,728 wakiwa Mkoa wa Dar es Salaam, lakini matokeo ya sensa hayatolewi kwa majina ya ukoo. Namba unazozikuta kwenye tovuti za kigeni zinazopanga majina ya dunia nzima zichukue kwa tahadhari kubwa. Zinahesabu jina la mwisho tu, na kwa sisi wa mnyororo (swali la 9) jina la mwisho ni la babu. Mwinyi aliye kwenye nafasi ya kwanza au ya pili hawamwoni. Mwinjuma na Mwenyi wanahesabiwa kama majina mengine.

15. Hapa Dar es Salaam wako wapi zaidi?

Kwa macho yangu na miguu yangu: Mbagala na Temeke kwa waliokuja kutoka Mkuranga, Rufiji na Kilwa. Kigamboni kwa wenyeji wa mwambao wa kusini. Kunduchi, Bunju na Mbweni kwa wa kaskazini hadi Bagamoyo. Magomeni, Kinondoni na Mwananyamala kwa familia zilizoingia mjini mapema. Ilala na Kariakoo walikuwa wengi, wameuza nyumba wakahamia pembeni, na ukienda leo utakuta jina limebaki kwenye hati za zamani huku ghorofa ni la mtu mwingine.

Kwenye ramani jina liko katikati ya jiji. Barabara ya Ali Hassan Mwinyi inatoka mjini, inapita Upanga, inavuka Daraja la Salenda na kuelekea Morocco.

16. Mbona Kocha Mwinyi Zahera alikuwa Mkongo?

Swali hili lilitaabisha vijiwe vyote alipokuwa akiifundisha Yanga, 2018 na 2019. Jina lilikwenda Kongo kwa miguu. Misafara ya watu wa Pwani ilifika Ujiji, ikavuka ziwa, ikaweka makao Kasongo na Nyangwe nchini Manyema. Ujiji ya miaka ya 1870 ilikuwa chini ya Mwinyi Kheri, mtu wa Mrima, yaani mwambao unaotazamana na Unguja. Nyangwe alikuwako Mwinyi Mohara, aliyeuawa mwaka 1893 katika vita na majeshi ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Waliacha nyuma Kiswahili, kinachoitwa huko Kingwana kutokana na waungwana, waliacha Uislamu, na waliacha majina. Mkongo aitwaye Mwinyi si ajabu kuliko Mzaramo aitwaye Hassan.

17. Na nchi nyingine?

Kenya, ukanda wote wa Pwani. Seneta wa Mombasa aliyechaguliwa 2017 ni Mohamed Faki Mwinyihaji. Lamu na visiwa vyake umbo linalosikika ni Mwenye, nalo hutangulizwa kwa masharifu. Komoro ni Mouigni, kama Mouigni Baraka Said Soilihi, aliyekuwa gavana wa Ngazija na kugombea urais mwaka 2016.

## Ndugu au si ndugu

18. Nimekutana na Mwinyi mwingine. Ni ndugu yangu?

Pengine siyo. Mwinyi ni jina moja lenye koo nyingi, kila moja limeanzia kwa babu wake. Ni sawa na kukuta wazee wawili wanaitwa Bwana, ukadhani wamezaliwa pamoja. Njia ya kujua ni kupanda mnyororo: taja jina la babu wa babu yako, naye ataje la kwake, na mji aliozikwa. Majina yakikutana, kumbatianeni. Yasipokutana, kunyweni kahawa muendelee na safari.

19. Tunaweza kuoana?

Jina halizuii. Wazazi wangu wasingeoana kama lingezuia, maana bibi mzaa mama alikuwa binti Mwinyi na baba ni Mwinyi. Kinachozuia ni umaharimu: damu ya karibu, au kunyonya ziwa moja. Ila wazee watataka mnyororo usomwe kwanza, na wana haki. Jibuni swali la 18 kabla hamjapeleka barua ya posa.

20. Sisi ni ndugu wa Rais Mwinyi?

Kama ungekuwa ndugu yake wa karibu, usingeuliza hapa. Kama wazee wako wanatoka Mkuranga au Mangapwani alikolelewa Rais wa awamu ya pili, anza kwa kuwauliza wao.

21. Nianzie wapi kutafuta ukoo wangu?

Anza na aliye hai na mzee kuliko wote, na uende leo. Shangazi yangu alikuwa akitaja nasaba kwa vidole: anashika kidole gumba, "Wewe," cha shahada, "babako," anakwenda hadi kidole kidogo, halafu anahamia mkono wa pili bila kusita. Alifika majina tisa. Mimi niliandika matano nikijua nitarudi Ijumaa. Ijumaa ile tulimzika. Majina manne yaliyobaki nimeyatafuta kwa miaka, nimepata mawili.

Baada ya wazee tafuta daftari la khitma (swali la 4), maana pale majina hupangwa kwa utaratibu na hakuna anayethubutu kumruka marehemu. Halafu hati za viwanja na mashamba ya minazi, mirathi, vyeti vya ndoa, na mawe ya makaburini. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa iko Upanga, na Zanzibar ina nyaraka zake. Huko nenda ukiwa tayari na jina la mji na la jumbe wake. Ukienda na neno "Mwinyi" tu utazama.

## Vyeti na karatasi

22. Cheti cha kuzaliwa kinasema "Mwinyi Juma", cha shule "Mwinyijuma", na kitambulisho "Mwinjuma". Nifanyeje?

Kwanza chagua umbo moja, na mara nyingi rahisi ni lile la cheti cha kuzaliwa. Kwa kutofautiana kwa tahajia huwa inatosha hati ya kiapo inayosema majina hayo ni ya mtu mmoja. Ukitaka kulibadili jina lenyewe, wakili atakuandalia hati ya kubadili jina isajiliwe. Masahihisho ya cheti cha kuzaliwa ni RITA, ya kitambulisho cha taifa ni NIDA.

Yafanye mapema. Niliwahi kusimamishwa dirishani kwenye ofisi moja kwa sababu nafasi kati ya "Mwinyi" na jina linalofuata ilikuwepo kwenye karatasi moja na haikuwepo kwenye nyingine. Karani alinionyesha kwa ncha ya kalamu: "Hawa ni watu wawili." Nilirudi mara tatu kwa ajili ya nafasi tupu isiyo na wino.

23. Nyumbani marehemu baba tulimwita Mwinyi, lakini vyeti vyake vyote vina jina jingine. Lipi la kweli?

Yote mawili. Pwani mtoto akipewa jina la babu yake, mama mtu hawezi kulitamka ovyo, kwa sababu ni jina la mkwewe. Haiwezekani kumgombeza mtoto kwa jina la baba wa mumeo. Hivyo anatafutiwa la kuitia: Babu, Bwana, Mwinyi. Mtaa mzima unalishika, mtoto anakua nalo, anaoa nalo, anazeeka nalo, na jina la cheti linangoja kwenye sanduku.

Kwenye mirathi na karatasi tumia la cheti, na ongeza "maarufu kwa jina la Mwinyi" ili mashahidi wamtambue. Kwenye daftari la khitma andika la cheti, kisha Mwinyi pembeni yake. Na fahamu kwamba kwa baba yako jina hili ni dokezo: lile la vyeti huenda ndilo la babu yake. Hapo umepata pete moja zaidi ya mnyororo.